Moyo Usiolia

Kifua changu kinalia. Nasema mapema ili msomaji asidhani nazungumzia mapenzi. Miaka kumi na moja iliyopita madaktari wa Dar es Salaam walinipasua kuanzia chini ya koo hadi karibu na tumbo, wakautoa mlango mmoja wa moyo uliokuwa umeharibika, wakaniwekea wa chuma. Tangu siku hiyo kila moyo unapopiga, mlango ule unajifunga kwa mlio mdogo, tik, tik, tik, na chumba kikitulia, hata aliyekaa karibu nami anausikia. Wateja wangu wa ushonaji hapa Sumbawanga wamezoea. Wageni huangalia ukutani kutafuta saa.

Kwetu Mwimbi mlio huo ulinipa cheo. Niliporudi kutoka upasuaji watu walikuja hata kutoka Msanzi kunisikiliza. Mama alinikalisha sebuleni, kina mama wakapanga foleni, mmoja mmoja analaza sikio kifuani pangu na kusema, "Yesu na Maria, kweli unalia!" Watoto wakifukuzwa mlangoni, wanahamia dirishani. Hakuna aliyeniruhusu kushika ndoo wala jembe. Kwenye shughuli yoyote ya ukoo niliwekwa pamoja na wazee, na kila mwenye la kuuliza kuhusu moyo aliniuliza mimi. Mwenye kiungulia alikuja kwangu, na aliyeshtuka kwa ndoto mbaya alikuja kwangu. Niliwajibu wote bila aibu. Nilikuwa nimelala hospitali wiki tano, nikaona nimestahili.

Sikuwadanganya, ila kuna jambo sikulisema. Ule mlango wa chuma unalindwa na dawa ya kuzuia damu isigande, na dawa hiyo ni ya maisha. Siku ninatoka hospitali, mume wangu akiwa amekaa pembeni na mfuko wa nguo magotini, daktari alituambia kwamba dawa hiyo na mimba havikai pamoja, na kwamba kwa hali yangu asingenishauri nibebe mimba kabisa. Tulisafiri kwa basi mpaka Sumbawanga bila kuligusa. Watu walipouliza tukasema tunasubiri. Baadaye wakaacha kuuliza, na wengine wakaamua kosa ni la mume wangu, naye, Mungu ambariki, akawaacha waamini hivyo. Hata mama sikumwambia.

Mdogo wangu tumepishana miaka tisa. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mcheshi, mwenye sauti ya kuimba, na tangu akiwa mdogo kitu akikigusa kinamkubali. Mwaka juzi akaanza kuishiwa pumzi. Alikuwa akipanda kilima cha shuleni anasimama mara tatu, akijifanya anaangalia mashamba. Mimi ndiye niliyemshika mkono kumpeleka hospitali, kwa sababu dalili zile nilizijua. Wakampima, wakasema mlango wa moyo unavuja, ule ule wa upande wa kushoto uliokuwa mbovu kwangu.

Niliogopa, tena sana. Lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine ambacho leo naweza kukitaja: nilifarijika. Nilijiona nimepata mwenzangu. Nikaanza kumfundisha jinsi mtu anavyolala chali miezi miwili, jinsi anavyoinuka kitandani bila kutumia mikono, jinsi mboga za majani zinavyopimwa kwa kiasi kile kile kila siku ili dawa isivurugike. Nikamshonea mto mdogo mgumu wa kukumbatia wakati wa kukohoa, maana kifua kilichopasuliwa ukikohoa bila kukishikilia unaona nyota. Niliushona kwa kitambaa kizuri, nikaujaza pamba mwenyewe.

Halafu akachaguliwa. Neno hilo alilitumia yeye kwenye simu, na sijalipenda mpaka leo. Madaktari wageni walikuwa wamekuja Dar es Salaam kwa kambi ya wagonjwa wa moyo, wakapitia mafaili, wakatafuta wachache ambao milango yao ilifaa kutengenezwa kwa roboti, wakawapeleka India. Yeye alifaa.

"Dada, hawanipasui kifua!" alisema kwa sauti ya mtu aliyepewa zawadi. "Wanatoboa matundu madogo hapa ubavuni. Roboti inapitisha mikono yake humo, myembamba kama penseli. Daktari mwenyewe amekaa pembeni kwenye mashine, anaangalia moyo kwenye kioo umekuzwa, anaiongoza mikono kwa vidole vyake. Na mlango wangu hawautoi."

"Wanaufanya nini?"

"Wanaushona."

Nilikuwa nimeshika mkasi. Miaka kumi na saba nashona mimi: sare za shule, magauni ya komunyo ya kwanza, suti za wanakwaya. Najua tofauti ya nguo iliyotiwa kiraka na nguo iliyorudishwa ilivyokuwa. Wangu ulikatwa ukatupwa kwenye ndoo, wake unashonwa, na anayeshona anatumia mikono isiyotetemeka. Wivu wangu ulianza hapo, saa nne asubuhi, na kwa siku ile nzima niliharibu mifuko miwili ya suruali.

Mama nilipomweleza aliniuliza, "Huyo Roboti ni Mhindi au ni Mzungu?" Nikamwambia si mtu, ni mashine. Akafikiri kidogo, akasema hata hivyo ataombewa. Kwa wiki tatu jumuiya yao ya kanisani ilimwombea Roboti, baada ya kumwombea Baba Askofu na kabla ya kuomba mvua. Daktari wangu alisimama juu yangu saa sita kwa miguu yake mwenyewe, na sikumbuki jumuiya ikimtaja hata mara moja.

Mdogo wangu alirudi baada ya wiki tano. Nilikwenda kumpokea stendi na bajaji, nimembana dereva aende polepole, nimebeba ule mto. Basi likasimama, mdogo wangu akashuka wa tatu, begi begani. Begi! Mimi niliporudi nilishushwa na wanaume wawili kama kabati la vyombo. Akanikimbilia, akanikumbatia kwa nguvu, na mimi nikawa natafuta usoni mwake kama anaumia. Kwa kweli nilitamani aumie. Kidogo tu, hata kukunja uso.

"Huo mto wa nani?" aliuliza.

"Wa dereva," nikasema.

Mwezi huo nilipokwenda kliniki kupima damu kama kawaida, nilimuuliza daktari swali nililolibeba tangu siku ya simu. Je, na wangu ungeweza kushonwa, kama roboti ingekuwepo wakati ule? Nilitaka aseme ndiyo. Nilitaka nipate wa kumkasirikia, hata kama ni kalenda. Alifungua faili, akasoma, akaniambia mlango wangu ulikuwa umekakamaa na kugandamana kwa ile homa ya utotoni iliyoanzia kooni, na roboti hata leo isingeufaa. Wa mdogo wangu ulikuwa bado laini, zilikatika tu nyuzi zinazoushikilia.

"Wewe si fundi?" akasema. "Kitambaa kikishaoza unashona nini?"

Nilimshukuru, nikatoka, nikakaa kwenye benchi la nje nikiwa na hasira kuliko nilivyoingia.

Uchumba wa mdogo wangu ulikuwapo tangu kabla hajaugua. Kijana ni wa Msanzi, mkulima wa mahindi na ulezi, mpole, familia yao ni watu wa kanisa kweli kweli. Alipopona wakasema harusi ifungwe baada ya mavuno. Bila shaka gauni nilishone mimi. Akaja dukani mwezi wa saba, upepo wa Sumbawanga ukiwa unapuliza mpaka mabati yanalia, na kabla sijachukua utepe akaanza kufungua vifungo vya blauzi.

"Dada, hebu ona. Utacheka. Ni vidogo!"

"Baridi, usivue," nikamwambia.

"Si utanipima?"

"Nitapima hivyo hivyo."

Nikampima juu ya sweta. Mimi, ambaye nimewahi kumfukuza mwanafunzi wa ushonaji kwa kumpima mteja juu ya koti. Kifua, kiuno, nyonga, bega kwa bega, vyote juu ya sufu nene, naandika namba ninazojua si za kweli. Akaniambia anataka shingo ya wazi, iliyokatwa chini kidogo, kwa sababu sasa anaweza. Mimi tangu upasuaji sijawahi kuvaa nguo isiyofunga shingoni. Kovu langu linaanzia pale ambapo rozari inaning'inia.

"Hutaki kabisa kuona?" aliuliza akiwa mlangoni.

"Nitaona siku nyingine."

Maneno ya watu yalianza siku ya kupura ulezi nyumbani kwa mama. Walikuja majirani na ndugu, na kabla chakula hakijaondolewa bibi mmoja akasema sasa tumsikilize na mdogo, maana na yeye katoka kupasuliwa. Foleni ikapangwa kama zamani. Bibi wa kwanza akalaza sikio, akasubiri, akahamisha sikio upande wa pili.

"Mbona haulii?"

"Wangu haulii, bibi," mdogo wangu akasema akicheka. "Wangu wameushona tu."

Wa pili akasikiliza, wa tatu akasikiliza. Wakaanza kutazamana. Pale kwetu watu walikuwa wamewahi kuuona moyo mmoja tu uliotibiwa, nao ni wangu, na kutokana nao wakajua moyo uliotibiwa ukoje: unalia, una kovu la kufungua na kufunga kama begi, na mwenye nao hagusi mboga za majani bila kuzipima. Mdogo wangu hakuwa na kimojawapo. Mchana huo alikuwa amekula majani ya maboga sahani mbili. Alipowaonyesha alama zake ubavuni, mmoja akasema hizo ni za majipu. Alama nyingine, ile ya kinenani ambako damu yake ilipitishwa kwenye mashine, hakuweza kuionyesha mbele za watu.

"Wa dada yako ulitengenezwa, ukalia," bibi akasema kwa huruma kabisa. "Wewe mwanangu, hao watu wamekudanganya. Hawajakufanya kitu."

Wote wakanigeukia mimi. Ningeweza kulimaliza jambo lile kwa sentensi moja. Ningesema kwamba moyo mzima haulii, kwamba hata wao mioyo yao hailii, wajisikilize. Mdogo wangu alikuwa ananitazama akiwa ameinua nyusi, anasubiri nimtetee kama ninavyomtetea siku zote. Nikamega ugali.

"Kila hospitali na mambo yake," nikasema, nikaendelea kula.

Ilitosha. Kutoka Mwimbi mpaka Msanzi maneno hayahitaji gari. Ndoa ilikuwa imetangazwa kanisani Jumapili ya kwanza, ikatangazwa ya pili, ikabaki ya tatu. Ijumaa kabla ya hiyo ya tatu, shangazi yake bwana harusi akapanda gari hadi Sumbawanga, akaingia dukani kwangu, mrefu, mtulivu, amejifunga kitenge kipya.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Nikampa kiti. Nikazima cherehani kwa heshima, na kulipokuwa kimya akausikia mlio wangu. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Huo ndio moyo uliotibiwa," akasema. "Mwanangu, sisi hatumkatai mdogo wako. Tunampenda. Ila tunaogopa mtoto wetu asije akaoa leo, akazika kesho mama na kichanga. Wewe ndiye mwenye kujua mambo haya. Niambie kama mama yako mzazi anavyokuuliza. Huyu binti kapasuliwa kweli? Kovu umeliona?"

Ningeweza kusema mengi. Nilikuwa nimezisoma karatasi zake zote za India, nilikuwa nimeona na picha ya moyo wake kabla na baada. Lakini hakuniuliza kuhusu karatasi.

"Mimi, shangazi, kovu sijaliona," nikasema.

Halafu, kwa hiari yangu, bila kuulizwa, nikaongeza, "Hata gauni nimempimia juu ya sweta."

Akanishukuru kwa kusema ukweli. Alipoondoka niliwasha cherehani, nikashona mshono mrefu ulionyooka vizuri kuliko yote ya wiki ile. Nilijisikia vizuri, sitaficha. Nilijisikia kama mtu aliyekunwa mgongo mahali ambapo mkono wake haufiki. Uzi wa chini ulipokwisha nikainama kuubadilisha, na nikiwa nimeinama raha yote ikaniishia.

Jumapili nilikuwa Mwimbi kanisani, mdogo wangu upande wangu wa kulia, mama upande wa kushoto. Padre akasoma matangazo ya ndoa. Akasoma wachumba wa kwanza, akasoma wa pili, akakunja karatasi. Mdogo wangu akanishika goti.

"Amewasahau?" akanong'ona. Alisema "amewasahau," kama vile walikuwa watu wengine.

Nje mchumba wake alikuwa anatusubiri, kofia mkononi, hajui aangalie wapi. Akasema wazee wao wamemwomba padre asubiri. Wanataka harusi isogezwe mpaka mavuno ya mwakani.

"Kwa nini mwakani?" mama akauliza.

Kijana akaanza kuizungusha kofia. Mdogo wangu akamsaidia. "Wanataka waone kama nitafika."

Wiki iliyofuata alinipigia simu mara nne, akiniomba niende Msanzi nikaongee, kwa sababu mimi watanisikiliza. Mara zote nilikuwa na kazi: sare za shule, joho la kwaya, mashine imeharibika. Mara ya nne hakuomba tena. Alisema tu kwamba ukoo umekaa, kwamba wanaona mwaka ni mwingi kwa kijana, na Jumamosi mshenga anakuja kwa mama kuvunja uchumba. Alisema kwa sauti anayosomea majina ya wanafunzi. Nikamwambia aje dukani Alhamisi jioni akitoka shule.

Alipofika nilifunga mlango kwa komeo, nikavuta pazia.

"Vua," nikamwambia.

Akavua sweta, akavua blauzi, akakaa kwenye kiti. Nikawasha taa ya cherehani, nikaigeuzia kwake. Chini ya ziwa la kulia, kuelekea kwapani, kulikuwa na alama nne. Tatu zilikuwa ndogo kama tundu la kifungo cha shati. Ya nne ilikuwa ndefu kidogo, ya kifungo cha koti. Nikazigusa kwa kidole. Fundi hawezi kudanganya mbele ya kazi safi. Hakukuwa na mkunjo, ngozi haikuvutwa upande wowote, na aliyefunga pale alijua kitambaa kinataka nini. Kisha nikafanya nilichokataa kukifanya tangu alipoteremka kwenye basi. Nikapiga magoti, nikalaza sikio kifuani pake.

Ulikuwa unapiga polepole, kwa mbali, kwa sauti nene ya mtu anayetwanga uani kwa jirani. Hakukuwa na chuma. Nilikuwa nimesahau kwamba moyo una sauti hiyo. Nikasikiliza kwa muda mrefu, na machozi yakanitoka yakaloanisha kamba ya sidiria yake. Alidhani namlilia yeye, akanipapasa kichwa.

"Ni mimi niliyemwambia shangazi," nikasema nikiwa bado nimepiga magoti.

Mkono wake ukasimama. Akachukua blauzi, akaanza kufunga vifungo, cha kwanza, cha pili, bila haraka.

"Nilikujua tangu uliponipima juu ya sweta," akasema.

Nikamuuliza kama mshenga anakuja asubuhi au mchana. Akasema mchana. Nikamwambia basi sisi tutakwenda Msanzi asubuhi.

Tulikwenda watatu, mimi, yeye na mama. Tukawakuta wazee sebuleni, mshenga naye yupo, amevaa tayari kwa safari ya kuja kutuvunjia. Shangazi akanikaribisha karibu naye. Nilikuwa nimejipanga kusema kidogo: kwamba nimeliona kovu, kwamba amepasuliwa, basi. Nikasema hivyo. Mzee mmoja akauliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo.

"Sasa mbona wake haulii na wako unalia?"

Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa ameinamisha uso anaangalia kucha zake. Sijui kama mtu aliyezoea kusikilizwa anaweza kueleza ilivyo ngumu kusema maneno yale. Kwa miaka kumi na moja kina mama wa pande zile walinilazia sikio kifuani kama wanaogusa kitu kitakatifu, na mimi niliwaachia. Sasa ilinibidi nikivue cheo kile mwenyewe, mbele ya watu, nimpe mtu ambaye tayari alikuwa na kila kitu.

"Unaolia ndio mbovu," nikasema. "Wangu ulishindikana. Waliukata, wakaniwekea kipande cha chuma, hicho ndicho mnachokisikia. Wake ulitengenezeka. Wameushona, wameurudisha ulivyokuwa, ndiyo maana umenyamaza. Wa kwako, mzee, unalia?"

Mzee akaweka mkono kifuani, akaondoa.

Nikafungua mkoba, nikatoa pakiti ya dawa, nikaiweka mezani. "Hii nainywa kila siku mpaka nife. Nikiacha, damu inaganda kwenye chuma. Nikizidisha, natokwa damu. Yeye hanywi. Anakula majani anavyotaka kwa sababu hana cha kulinda. Mimi ndiye mgonjwa hapa. Yeye amepona."

Shangazi aliichukua pakiti, akaigeuza, akaiweka. Alikuwa mwanamke mwenye akili, na akili yake ilikuwa imeshafika ambako sikutaka ifike.

"Na kuzaa?" akauliza.

"Yeye atazaa. Madaktari wamemruhusu, barua yao anayo hapo."

"Na wewe?"

Mlio wangu ukasikika mpaka nikatamani kuushika. Mama alikuwa amekaa mbele yangu, rozari mkononi. Kila asubuhi kwa miaka yote ile alikuwa ananiombea mtoto, na nilikuwa namwacha aombe.

"Mimi siwezi," nikasema. "Niliambiwa siku ninatoka hospitali."

Mama alijifunika uso kwa khanga. Hakupiga kelele, aliinama tu mbele kidogo kidogo, na mdogo wangu akainuka kwenda kumshika. Shangazi akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole, mwanangu," akasema. Na wale wote, wazee, mshenga, wanawake waliokuwa jikoni, wakapokezana kusema pole. Sikuwahi kuambiwa pole katika pande zile. Walikuwa wakinisifu.

Mshenga alivua koti lake. Barua ya madaktari ikasomwa na kijana mwenyewe kwa sauti, wazee wakaitikia, na kabla ya chakula mtu alishatumwa kwa padre. Kesho yake tangazo la tatu lilisomwa.

Jioni ile ya Jumamosi mama alibebwa kwa pikipiki kurudi Mwimbi, sisi wawili tukatembea mpaka barabarani kusubiri gari la Sumbawanga. Mashamba yalikuwa yameshavunwa, mabua yamelala. Mdogo wangu alitembea kwa hatua zangu, ingawa sasa angeweza kwenda mbio.

"Kwa nini hukuniambia, dada?"

"Ungefanya nini?"

Tulifika barabarani, tukasimama. Kisha akasema, na ninamjua mdogo wangu, hasemi maneno ya kupamba, "Kama moyo ungekuwa kitu cha kupeana, ningekupa huu."

Nilijua mkubwa anapaswa kujibu nini. Anapaswa kusema, hapana mdogo wangu, baki nao, uzae, ufurahi. Maneno yalikuwepo mdomoni, na alistahili kuyasikia baada ya yote niliyomfanyia.

"Ningeuchukua," nikamwambia.